Mwanagenzi wa Televisheni na Kanda za Upare

Wenzangu tuliosoma pamoja chini ya milima ya Upare, wahariri wa jarida hili la mkutano wetu wameniomba niandike jambo la historia. Wengi wenu mnanijua kuwa mtumishi wa serikali, mtu wa majalada na mihuri. Wachache wanajua kwamba kabla ya kuajiriwa, nilipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilipata kuwa mwanagenzi katika kituo kimoja cha televisheni. Kituo chenyewe sitakitaja, maana sina nia ya kumshitaki mtu. Nataka kueleza jinsi kazi ile ilivyoanza nchini mwetu, na jinsi sehemu ya habari za Same ilivyopotea ndani yake.

Televisheni ilichelewa kufika Tanzania Bara kwa sababu serikali iliamua ichelewe. Kenya ilianza kurusha picha mwaka 1962, na Uganda mwaka 1963. Sisi tulibaki na redio. Sauti ya Dar es Salaam ilikuwa imeanza mwaka 1951, na tangu 1965 tulikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam. Hoja ya viongozi ilieleweka kwa urahisi: seti ya televisheni ni ghali, tena inataka umeme, na umeme ulikuwa mijini. Fedha za mkulima zingetumika kumburudisha mkazi wa mjini. Redio ya betri ilimfikia mtu popote alipo. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma, wakatoka hapo kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka karibu na nyumba zao. Kwa hali ya wakati ule, televisheni isingefanya kazi hiyo.

Zanzibar walichagua njia nyingine. Mzee Karume aliuawa Aprili 1972, lakini kazi iliendelea chini ya Mzee Aboud Jumbe, na kati ya 1973 na 1974 Televisheni Zanzibar ikaanza, nayo ikaanza na picha za rangi. Afrika ya Kusini, pamoja na utajiri wake wote, ilifungua televisheni mwaka 1976. Basi kwa muda wa miaka 20 hivi, katika Jamhuri moja, ndugu zetu wa Unguja walitazama picha za rangi nasi wa Bara tukasikiliza.

Mlango wa Bara ulifunguliwa na Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993. Mwaka uliofuata vituo vya watu binafsi, CTN, ITV na DTV, vikaingia hewani mjini Dar es Salaam. Televisheni ya Taifa, TVT, ikaja baadaye, na mwaka 2000 ilikuwa hewani. Hapo ndipo tatizo la mafundi lilipojitokeza. Nchi ambayo jana haikuwa na televisheni haiwezi kupata kwa mwaka mmoja wafanyakazi waliokwisha kuiva. Walioijua sauti walitoka redioni. Walioijua kamera walikuwa wamejifunzia kwenye filamu. Wengine wote tulijifunza kwa kutazama mikono ya wenzetu.

Mimi niliingia mwaka 2002, wakati wa likizo ndefu ya chuo. Mshahara haukuwapo, nilipewa nauli, na siku nyingine chakula cha mchana. Wiki mbili za kwanza sikushika kamera. Nilibeba miguu yake, nikachaji betri, nikajifunza kukunja nyaya bila kuzisokota, maana waya uliosokotwa hukatika ndani na sauti ikapotea mbele ya waziri. Nilijifunza kushika karatasi nyeupe mbele ya kamera kabla ya kuanza kazi ili mtambo uijue rangi nyeupe chini ya mwanga wa mahali pale. Bila hivyo nyuso za watu hugeuka kuwa za bluu au za manjano. Mpiga picha aliyenifundisha alikuwa mtu wa maneno machache. Aliniambia kwamba mzee akinyamaza usizime kamera, kwa kuwa jambo lenyewe linakuja baada ya kimya.

Mwezi wa pili nilichukuliwa kwenye safari ya Same kwa sababu moja tu: nilijua Kipare. Tulikuwa tukitafuta wazee walioshuhudia mbiru. Vijana wetu yafaa wakumbushwe habari hii. Serikali ya kikoloni na watawala wa jadi waliokuwa chini yake walileta Upare kodi iliyokadiriwa kwa kupima mali ya kila mtu, ikapewa jina la mbiru, ambalo ni jina la ushuru wa zamani. Watu walikataa kupimiwa mali zao. Januari 1945 maelfu walishuka kutoka milimani wakaja Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa hapo miezi mingi wakidai kodi hiyo iondolewe. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao waliandamana. Mwishowe kodi ile iliondolewa. Haya yalitendeka kabla TANU haijazaliwa, katika uwanda huu huu tulikokimbilia mpira.

Tulimpata mzee mmoja aliyekuwa kijana wakati huo. Alianza kwa Kiswahili, na kila alipofika mahali penye uzito akarudi kwenye Kipare, nami nikamtafsiria mtangazaji. Alieleza jinsi walivyopokezana: wengine wakae Same, wengine wapande kulima, wasije wakashinda kodi wakashindwa na njaa. Alionyesha kwa fimbo mahali watu wa kila upande walipolala. Kisha akanyamaza kitambo kirefu, na kamera haikuzimwa. Ndipo akataja majina ya wenzake waliougua pale uwandani wasirudi tena makwao. Nilihesabu majina 6. Tulijaza kanda 2 za dakika 30.

Kipindi kilipotoka, mzee alipewa muda usiofika dakika 2. Majina yale hayakusikika. Hilo nalielewa, maana kipindi kina urefu wake. Lakini nilipouliza baada ya wiki kadhaa kama kanda zile zimewekwa maktaba, niliambiwa zimekwisha kurudishwa kazini. Juu ya maneno ya mzee palikuwa pamerekodiwa ufunguzi wa semina moja hotelini.

Msidhani kwamba kosa hili ni letu peke yetu. Kanda ilikuwa ghali, na kila kituo duniani kilijaribiwa na uwezekano wa kuitumia tena. BBC ya Uingereza ilifuta vipindi vingi vya miaka ya 1960 na 1970, hata leo wanavitafuta kwa watu binafsi waliojirekodia majumbani. Marekani, NASA ilipozitafuta kanda za awali za picha za watu wa kwanza kutua mwezini mwaka 1969, mwisho wa uchunguzi ulionyesha kuwa huenda zilifutwa na kutumika tena. Ikiwa mwezi haukupata nafasi kwenye rafu, uwanda wa Same ungeipata wapi?

Hata hivyo kuna mifano ya kinyume, tena hapa kwetu. Radio Tanzania nayo ilikuwa na shida ya fedha, lakini ilihifadhi maelfu ya nyimbo pamoja na hotuba za Mwalimu. Profesa Isaria Kimambo alikusanya masimulizi ya wazee wa Upare, akayatolea kitabu cha historia yetu mwaka 1969, kisha akaandika juu ya mbiru mwaka 1971. Tunachokijua leo kuhusu mbiru tunakijua kwa kiasi kikubwa kwa sababu wasomi wa namna hiyo waliuliza maswali mapema na kuyaandika majibu. Tofauti imo katika uamuzi: mtu mmoja mwenye mamlaka aseme kwamba hiki kisiguswe.

Katika utumishi wangu serikalini nimeyaona hayo hayo kwenye majalada. Jalada lisilo na jina wala tarehe ndilo la kwanza kuliwa na mchwa, kwa sababu hakuna anayelitafuta. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Siku hizi kanda hazipo tena. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia, na mikoa mingine ikafuata. Kila mwanafunzi mwenye simu ana kamera nyepesi kuliko ile iliyoniumiza bega. Lakini simu ikijaa hufutwa, ikiibwa huenda na yote. Nayo miaka haisubiri: aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1945 alitimiza miaka 100 mwaka 2025. Waliobaki ni wale waliobebwa mgongoni na mama zao kwenda Same, na watoto waliosimuliwa.

Kwa hiyo naleta ombi kwenye mkutano wetu. Tuchange tununue kabati moja la chuma na vyombo viwili vya kuhifadhia picha na sauti, kimoja kikae shuleni na kingine mahali pengine. Kila mwenye kanda ya zamani ya harusi, mahafali au mazishi iliyorekodiwa Upare ailete inakiliwe, kisha arudishiwe. Wanafunzi wa somo la historia wapewe kazi ya kuwarekodi wazee wakati wa likizo, kwa Kipare na kwa Kiswahili, na kila rekodi iandikwe jina la msemaji, kijiji, tarehe na lugha. Mimi nitatoa kabati. Na kati ya yale majina 6 ya uwandani nayakumbuka 3. Nimeyaandika kwenye karatasi, nitayakabidhi kwa mwalimu wa historia siku ya mkutano. Kama kuna mwenzetu ambaye babu yake aliyajua mengine, na aje nayo.