Ukienda "Kenya", Anza na Stesheni



Binamu yangu anashuka Nairobi mwezi ujao kwa mara ya kwanza. Amemaliza kidato cha nne, hajawahi kupita Mwingi, na ameniandikia orodha ndefu ya mahali anataka nimpeleke: KICC, mbuga ya wanyama, duka kubwa lenye ngazi zinazopanda zenyewe, kisha Eastleigh kununua viatu. Nikamjibu sawa, yote tutafanya, lakini siku ya kwanza ni yangu, na tutaanza na stesheni ya gari moshi. Akanitumia emoji za kucheka kama kumi hivi. "Stesheni? Kwani tunasafiri tena?"

Wacha nieleze, kwa sababu najua si yeye peke yake anayecheka.

Kwetu Garissa, mtu akipanda basi la Nairobi wazee bado husema anaenda Kenya. Ayeyo wangu husema hivyo hadi leo, bila utani na bila hasira. "Utarudi lini kutoka Kenya?" Nikiwa mdogo nilidhani ayeyo hajui jiografia. Nilipokuja Nairobi kusoma (nilikaa chuoni mwaka mmoja na nusu, karo ikanishinda, nikatoka, hiyo stori mnaijua) ndipo nilianza kuelewa kwamba ayeyo anajua historia kunishinda. Hiyo Kenya anayoitaja ni ile iliyoshonwa na reli. Kwetu sindano haikufika.

Sasa, ukivuka Haile Selassie Avenue ukasimama mbele ya stesheni ya Nairobi, umesimama kwenye kitovu cha hili jiji. Bunge na ikulu vilikuja baadaye sana. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896. Mwaka huohuo, huku juu, mwanajeshi mmoja Mwingereza aitwaye George Ellis alifungua kituo kidogo cha safari: bohari ya mizigo na zizi la maksai na nyumbu. Ndiyo, zizi. Kwa hivyo mtu wa Garissa akifika hapa asitishwe na ghorofa, huu mji ulianza kama kona ya soko letu la mifugo.

Reli yenyewe ilifika tarehe 30 Mei 1899, maili 327 kutoka Mombasa. Wajenzi walisimama hapa kwa sababu mbele yao kulikuwa na milima na Bonde la Ufa, na kabla ya kupambana na hayo walihitaji mahali tambarare pa kuweka mitambo na kulaza watu. Palikuwa kinamasi. Mvua ikinyesha leo na barabara za katikati ya jiji zigeuke mito, usishangae, maji yanakumbuka kwao. Na kwa wale wanaopenda namba: reli mpya ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa 2017, bei yake ilitajwa kuwa shilingi bilioni 327. Maili 327, bilioni 327. Sina maelezo, nimeona tu niwaachie mshangae pamoja nami.

Kasi ya mambo ndiyo hushtua. Mwaka huohuo wa 1899 ofisi za mkoa zilihamishwa kutoka Machakos zikaletwa Nairobi. Kufika 1905 makao makuu ya serikali yote ya kikoloni yalikuwa yametoka Mombasa kuja hapa kwenye matope. Miaka tisa tu, kutoka zizi hadi mji mkuu. Machakos, iliyokuwa mji mkubwa wa bara kabla ya hapo, reli iliipita kando, na ikabaki Machakos.

Lakini pale penye matope hapakuwa patupu. Jina lenyewe ni la Kimaasai, Enkare Nyirobi, maji baridi. Mahali panapoitwa hivyo ni mahali pa kunyweshea. Mimi mtoto wa wafugaji nikisikia jina kama hilo sihitaji kufundishwa, naona ng'ombe wamepanga foleni.

Na hapa ndipo nataka binamu yangu asikilize vizuri. Ile reli ilijengwa kwa kodi ya Waingereza, zaidi ya pauni milioni 5, na huko kwao wengine waliiita upuuzi. Pesa ilibidi irudi, kwa hivyo reli ilihitaji mizigo. Mfugaji hana mizigo ya reli. Ng'ombe wake hutembea mwenyewe, maziwa hunywewa nyumbani. Serikali ikaamua kuleta walowezi wazungu walime, wapakie, walipe. Mwaka wa 1904 Wamaasai waliwekwa kwenye mkataba: waondoke malisho ya Bonde la Ufa karibu na reli, wagawanywe sehemu mbili, moja kusini mwa reli na nyingine Laikipia. Wakaahidiwa kwamba hiyo ni ya kudumu. Mwaka wa 1911 wakaambiwa watoke Laikipia pia, wahamie kusini. Wakaenda kortini. Mwaka wa 1913 korti ikasema haina uwezo wa kusikiliza kesi hiyo, kwa sababu mkataba ulikuwa kati ya serikali mbili. Yaani siku ya kunyang'anywa wewe ni raia wa chini, siku ya kudai wewe ni dola ya kigeni.

Kumbukeni hiyo 1904, nitairudia.

Kutoka stesheni tunatembea kidogo tu hadi Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa 1971. Wengi wanaoishi Nairobi hawajawahi kuingia, wanapita nje kila siku wakikimbilia matatu. Ndani kuna behewa la Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli. Juni 1900, pale stesheni ya Kima, simba alikuwa anasumbua watu, na Ryall na wenzake wawili wakalala ndani ya behewa wakimvizia. Zamu ya Ryall, usingizi ukamchukua. Simba ndiye aliyewavizia wao: aliingia ndani, akambeba Ryall, akatoka naye dirishani. Behewa ni hilohilo, unaliona kwa macho yako. (Kima! Nilidhani jina la mahali lilitungwa baadaye na mtu mwenye ucheshi mbaya.) Simba wawili wa Tsavo, waliokula wajenzi wa reli mwaka wa 1898, hao usiwatafute hapa. Wako Chicago, kwenye makumbusho ya Field. Hata simba wetu wana visa ya Marekani.

Nje kuna mitambo ya mvuke. Simama karibu na ile inayoitwa Mount Gelai, ya aina ya 59, uzito wake karibu tani 250. Ukiwa chini yake unajiona kama mbuzi mbele ya lori. Mitambo ya aina hiyo ilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mara ya kwanza nilizunguka nikitafuta jina la kwetu, halafu nikakumbuka kwetu ni tambarare tupu.

Wanaume waliotandika ile njia wengi walitoka Bara Hindi, karibu 32,000, na karibu 2,500 walikufa kazini. Hesabu mwenyewe kutoka Mombasa hadi Kisumu, ambako reli ilifika Desemba 1901: ni kama watu wanne kila maili. Siku ukienda Mombasa kwa barabara, simama Mackinnon Road. Kuna msikiti kando ya reli, na ndani yake kaburi la Seyyid Baghali, aliyefanya kazi kwenye reli na watu wakamwona walii. Husimuliwa kwamba karai la mchanga lilikuwa linaelea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Sikulazimishi uamini. Omba dua yako, nyoosha miguu, endelea na safari.

Mchana tutaswali Jamia, msikiti uliojengwa kati ya 1925 na 1933, halafu tushuke Muthurwa na Landi Mawe. Landi ni zile nyumba za safu walizojengewa vibarua wa reli. Wakubwa wa reli, wazungu, walikaa juu kilimani, kule Upper Hill ya leo, penye upepo. Tembea kutoka huku hadi kule kwa miguu na utaelewa Nairobi ilivyopangwa kuliko nilivyoelewa chuoni kwa hiyo karo yote. Jioni tunapanda treni ya abiria ya mtaani kwenda Syokimau na kurudi. Binamu atapiga picha, atajaza simu, ni haki yake.

Nikiwa dirishani huwa nafikiria ramani. Tawi la Thika lilifunguliwa 1913. Lile linalopanda kaskazini lilifika Nanyuki 1930 likaishia hapo. Reli ilifuata mashamba ya walowezi kama mbwa anavyofuata mchinjaji. Sisi tulipata nini miaka hiyo? Tulipata sheria. Ya 1902 ilifanya wilaya za mbali kuwa eneo lililofungwa, uingie na kutoka kwa kibali. Ya 1934 ikaongeza mamlaka ya kuwazuia watu wasitoke sehemu waliyopangiwa. Wengine walipewa stesheni, sisi tukapewa kizuizi. Na kizuizi kina maisha marefu: juzi tu nikirudi kutoka nyumbani, basi lilisimamishwa, tukashuka wote, foleni ya vitambulisho juani, na abiria mmoja mzee aliulizwa mara tatu amezaliwa wapi.

Uhuru haukubadilisha ramani. Mwaka wa 1965 serikali ilitoa ile Sessional Paper namba 10, na ndani yake ikasema pesa za maendeleo zitiwe kwanza pale zitakapozaa haraka: penye ardhi nzuri, mvua, umeme na usafiri. Soma hilo neno la mwisho tena. Usafiri ulikuwa wapi? Pale reli ilipopita. Waliopata cha kwanza wakapata cha pili kwa sababu walikuwa na cha kwanza.

Mtu asiniambie Wasomali na reli haviendani. Dire Dawa kule Ethiopia ni mji uliozaliwa na reli ya Djibouti, 1902, na Wasomali wamo tangu mwanzo. Mogadishu yenyewe iliwahi kuwa na reli ya Waitaliano, mpaka Waingereza walipoing'oa wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Sasa turudi 1904. Tarehe 2 Machi 2012, kule Lamu, Rais Kibaki alizindua LAPSSET akiwa na Meles Zenawi na Salva Kiir. Kwenye mipango kuna reli: Lamu, Garissa, Isiolo, halafu mpaka Ethiopia na Sudan Kusini. Gati la kwanza la bandari lilianza kazi Mei 2021. Reli bado ni mstari kwenye karatasi. Kila uchaguzi mtu husimama kwa jukwaa na kutuambia Garissa itakuwa Nairobi nyingine, na sisi vijana tunapiga makofi. Hata mimi nimepiga. Nataka hiyo treni kabisa, nataka ayeyo apande.

Ila swali langu ni moja na sijasikia likiulizwa jukwaani: siku wapimaji watakapokuja, ardhi itakuwa kwa jina la nani? Sheria ya Ardhi ya Jamii ilipitishwa 2016. Inaruhusu jamii kusajili ardhi yake na kupata hati. Sehemu kubwa ya ardhi ya kaunti yetu ni ya jamii, na nyingi haijasajiliwa. Kabla ya usajili, serikali ya kaunti ndiyo huishika kwa niaba ya watu, na fidia ikilipwa inawekwa huko kuwasubiri wenyewe. Sasa jiulize, bila hati mwenyewe anatambuliwa vipi? Wamaasai nao walikuwa na maji yao, malisho yao, na mkataba wenye ahadi.

Nilimuuliza abti, ambaye amefuga maisha yake yote, kama anajua reli itapita wapi. Alinionyesha kwa bakora upande wa malisho ya kiangazi, akasema amesikia ni huko. Hati je? Akacheka. Akasema, "Hati ni hizi nyayo."

Binamu, njoo na viatu vya kutembea. Vile vya Eastleigh tutanunua siku ya pili.