Kabla ya Kompyuta Kulikuwa na Mganga

Wanaosifu matumizi ya kompyuta katika kutafuta dawa ndani ya mimea yetu mara nyingi huruka swali moja la kihistoria: maarifa yanayoingizwa humo yalitoka kwa nani? Swali hilo linawahusu watu wa Moa, kaskazini mwa pwani ya Tanga, sawasawa na wanasayansi wa Dar es Salaam. Katika mikoko ya pwani yetu humea mkomafi, ambao tunda lake wazee wamelitumia kutibu maradhi ya tumbo. Wanasayansi huuita Xylocarpus granatum. Jina hilo ndilo husafiri. La mzee hubaki kijijini.

Utaratibu huo si mpya. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti Amani, Usambara Mashariki, na miongoni mwa waliyoyapanda ni miti ya kwinini. Mti huo asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Ulifika Amani ukiwa mali ya dola, bila kumbukumbu ya wenyeji wa kwao.

Baada ya uhuru mwelekeo ulianza kubadilika. Mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili kitengo cha utafiti wa dawa za asili, ambacho baadaye kilikuwa taasisi kamili. Hapa Tanga, kuanzia mwaka 1990, madaktari na waganga walishirikiana kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI kupitia Tanga AIDS Working Group. Hapo mganga alikuwa mshirika wa daktari.

Mwaka 2020 watafiti walichapisha hazina ya kidijitali ya mimea ya Afrika Mashariki, yenye molekuli 1,870 kutoka takribani spishi 300, zilizokusanywa katika maandiko ya miaka 1962 hadi 2019. Kompyuta hujaribisha umbo la kila molekuli katika protini ya kimelea, kama mtu ajaribuvyo funguo nyingi katika kufuli moja. Zinazoelekea kufaa hupelekwa maabara, kwa kuwa jibu la kompyuta ni dokezo tu. Hivyo gharama na muda hupungua.

Naiunga mkono kazi hii. Hata hivyo, molekuli haina kijiji. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inataka jamii zenye maarifa ya asili ziombwe ridhaa na zigawiwe manufaa. Jamii ya Moa itadai vipi fungu lake ikiwa hakuna daftari linaloonyesha kwamba maarifa yalianzia kwake?

Ndugu zangu watumishi wa umma, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inawatambua waganga. Hatua inayofuata ni kuandika chimbuko la maarifa yao, kwa ridhaa yao, kabla mmea haujapelekwa maabara. Wanafunzi wangu, mkienda vijijini kukusanya majani, rudini pia na majina ya waliowaonyesha.