Tundu Dogo Lililofundisha Njia ya Nuru

Mwalimu wa kikundi, tafadhali andika ubaoni maneno manne: NURU, TUNDU, KIVULI, PETE. Wanafunzi wayasome pamoja kwa sauti. Hayo ndiyo maneno ya somo letu la leo, nalo ni somo la historia.

Tuanze na jambo mnalolijua. Ingieni saa sita mchana katika nyumba ambayo bati lake limetoboka, au paa lake la nyasi limechakaa. Sakafuni mtaona madoa ya nuru. Tundu la paani laweza kuwa la pembe tatu, au mpasuko tu usio na umbo. Lakini likiwa dogo, na paa likiwa juu vya kutosha, doa lake sakafuni ni la mviringo. Kwa nini? Watu wengi wameyaona madoa hayo tangu zamani sana, lakini sababu yake haikujulikana upesi.

Hapo kale wataalamu wa Uyunani walibishana juu ya kuona. Mmoja wao, Euclid, aliyeishi miaka 300 hivi kabla ya Kristo, alifundisha kwamba miali hutoka katika jicho, ikaenda kukigusa kitu kinachotazamwa. Kwa mawazo hayo jicho ni kama kurunzi. Wasomi wengi waliyakubali kwa karne nyingi.

Kisha akatokea Ibn al-Haytham. Alizaliwa Basra, katika nchi ya Iraki, mnamo mwaka 965, akafanya kazi Kairo, Misri, na huko akafariki mnamo mwaka 1040. Husimuliwa kwamba mtawala wa Misri alimtaka ayazuie maji ya mto Nile, na alipoona kazi hiyo haiwezekani alijifanya mwenda wazimu ili kuiokoa roho yake. Akawekwa kizuizini mpaka mtawala huyo alipotoweka mwaka 1021. Katika miaka hiyo aliandika kitabu kikubwa juu ya nuru na kuona.

Yeye hakutosheka na maneno ya wakubwa waliomtangulia. Aliuliza hivi: Ukitazama jua, jicho lauma. Kama kuona hutoka jichoni kwenda nje, maumivu hayo yaletwa na nini? Basi nuru ndiyo inayokuja jichoni kutoka katika vitu.

Akajaribu kwa mikono yake. Aliweka taa kadhaa nje ya chumba cha giza chenye tundu dogo. Ndani, ukutani, yakaonekana madoa ya nuru, doa moja kwa kila taa. Alipoifunika taa moja, doa lake peke yake lilitoweka; mengine yakabaki. Hivyo alionyesha mambo mawili. Nuru husafiri kwa njia iliyonyoka. Na miali ya taa nyingi yaweza kupita katika tundu moja bila kuchanganyika.

Sasa mwaweza kulijibu swali la paa. Nuru ya upande wa juu wa jua hupita katika tundu ikaangukia upande wa chini wa doa. Ya upande wa chini huangukia juu. Kwa hiyo lile doa si umbo la tundu. Ni picha ya jua lenyewe, iliyopinduliwa.

Ibn al-Haytham aliandika pia juu ya kupatwa kwa jua. Alieleza kwamba jua lililomegwa, likipita katika tundu dogo, hutupa picha iliyomegwa. Tundu likiwa kubwa, umbo hilo hupotea.

Sasa turudi kwetu. Tarehe 1 Septemba 2016 mwezi ulipita kati ya dunia na jua. Siku hiyo mwezi ulikuwa mbali kidogo na dunia, hata haukuweza kulifunika jua lote, ukaacha pete ya moto pembeni. Kivuli kilivuka kusini mwa Tanzania. Watu wengi walikusanyika Rujewa, Mkoa wa Mbeya, wakaiona pete hiyo. Kilele cha kupatwa huko kilifika dakika chache baada ya saa sita mchana, katika nchi iliyo kati ya Tunduru na Masasi. Hata Masasi na Newala jua lilifunikwa sehemu yake kubwa. Saa kama hiyo, madoa ya nuru chini ya mwembe au mkorosho hugeuka umbo, maana nafasi ndogo kati ya majani ni matundu pia. Kila doa huwa kama mwezi mwandamo, na penye njia ya katikati huwa pete.

Jambo hili si la kustaajabia tu. Mwaka 1604 Johannes Kepler, mtaalamu wa Ujerumani, alieleza kwamba jicho nalo ni chumba cha giza: mboni ndiyo tundu, na picha huangukia nyuma ya jicho. Ukilitazama jua, picha yake ya moto huangukia hapo. Sehemu hiyo haisikii maumivu, hivyo mtu huungua bila kujua, na huenda asipone. Miwani ya kawaida ya jua, kioo cha masizi, picha ya eksirei na beseni la maji havilindi jicho.

Tarehe 21 Mei 2031 kivuli cha namna hiyo kitapita tena katika Tanzania. Watoto wenu watataka kutazama. Chukueni karatasi ngumu, itobolewe kwa sindano. Lipeni jua mgongo, nuru ipite katika tundu na kuangukia karatasi nyeupe. Hapo mtaliona jua bila kulitazama.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini doa la nuru halifuati umbo la tundu?
2. Ibn al-Haytham alijuaje kwamba nuru haitoki jichoni?
3. Utamwambia nini jirani atakayetaka kulitazama jua likipatwa?

Kabla ya kipindi kijacho, kila mmoja alijaribu tundu nyumbani kwake, asikubali kwa sababu redio imesema. Kwa herini.