VITA VYETU VYA MEZANI, SEHEMU YA 3: Kwa nini Lushoto haikupiganiwa



Mlioanza nasi mnakumbuka. Jumamosi jioni meza ya chakula inafutwa, inatandikwa ramani niliyoichora kwenye manila kuanzia Tanga hadi Moshi, na wanangu wanacheza Vita vya Kwanza vya Dunia kwa maharage. Mekundu ni askari wa Mjerumani, ya njano wa Mwingereza. Mbegu za papai ni risasi, punje za mahindi ni wapagazi. Dadu tumeazima kwenye ludo.

Kanuni kubwa ni hii: ulichopoteza Jumamosi hii, Jumamosi ijayo huna. Ukicheza Tanga peke yake, Novemba 1914, mtoto anaona Waingereza waliokuja na watu wapata 8,000 wakifukuzwa na kama 1,000, nyuki nao wanauma, wote tunacheka, tunalala. Ukiiunganisha na vita vinavyofuata ndiyo unaona mali ilikuwa wapi. Waingereza waliacha ufukweni bunduki za kisasa, bunduki za rashasha na zaidi ya risasi nusu milioni. Mbegu zote hizo zikahamia kwenye kikombe cha kijana wangu wa miaka 11, maana yeye ndiye Mjerumani.

Akaja Jasini, mpakani, Januari 1915. Mjerumani akashinda tena, lakini kwa risasi kama 200,000 na vifo vya maofisa wazoefu. Kamanda wao, von Lettow-Vorbeck, aliandika baadaye kwamba kwa akiba aliyobaki nayo angemudu mapigano matatu tu zaidi ya namna ile. Kijana alihesabu mbegu zake akanyamaza. "Mama, nimeshinda lakini nimeisha." Tangu hapo hakushambulia tena kwa wingi, akawa anatuma maharage mawili matatu usiku kuvunja reli ya Waingereza upande wa Kenya. Sikumfundisha mimi. Ndicho Wajerumani walichofanya mwaka ule.

Sasa Jumamosi iliyopita tukafika nyumbani. Machi 1916 Jenerali Smuts aliwasukuma Wajerumani Kahe, masika yakamkalisha, na mwisho wa Mei akaanza kuteremka kufuata Mto Pangani na reli. Watoto walijiandaa kuilinda Lushoto, enzi hizo ikiitwa Wilhelmstal, hadi wakaweka kizuizi cha njiti za kiberiti barabara ya Soni. Nikawauliza: reli ya Mombo ikishachukuliwa huko chini, nyie juu mtaletewa nini, na nani? Kijana akatazama ramani muda mrefu, akayaondoa maharage mwenyewe. Waingereza waliingia mjini kwetu tarehe 12 Juni 1916 bila watu kuupigania.

Hapa unesi wangu ndipo unapoingia. Kati ya pigano na pigano, kila harage linarushiwa dadu la maradhi, na nawaambieni dadu hilo linamaliza watu kuliko risasi. Kikosi cha 9 cha askari wa miguu wa Afrika Kusini kilikuja Februari 1916 kikiwa na watu 1,135. Kufika Oktoba wenye afya walikuwa 116, na vita vyenyewe karibu hawakuviona. Malaria, kuhara damu, funza. Mjerumani naye alikuwa na Amani, kule Usambara Mashariki, ambako mikwinini ilipandwa. Milima ilipomtoka, askari wake walikunywa maji ya magome yaliyochemshwa, machungu kama shubiri. Kwetu mwenye Amani anarusha dadu la maradhi mara mbili. Kijana alipoipoteza akasema, "Kumbe hapa ndipo pa kupigania."

Aliwahi kuniomba tuwatoe wapagazi, eti wanachelewesha mchezo. Nikakataa kabisa. Upande wa Waingereza peke yake inakadiriwa walikufa wapagazi 95,000, wengi wao kwa maradhi na chakula kibovu, pamoja na unga usioiva unaochana matumbo. Kariakoo tunayokwenda kununua vitenge ina jina la kikosi chao, Carrier Corps. Ukiwatoa hao, mchezo unakuwa wa uongo.

Ila swali lililonishinda liliulizwa na binti yangu, ana miaka 8. "Hao wapagazi wanakula nini?" Jamani, sikuwa nimeweka. Tukachora vijiji, vya Washambaa milimani na vya Wazigua kuelekea Handeni, kila kimoja punje kumi za mchele. Jeshi likipita linachukua. Wa kwanza alichukua, aliyemfuata akachukua palepale. Vitabu vinamsifu sana Lettow kwa kuponyoka miaka minne. Mimi nikitazama vile vijiji naona ni nani aliyemlisha.

Mwisho wa usiku kijiji kimoja kilikuwa na punje mbili. Binti akauliza nani anaishi pale. Nikamjibu, mama na watoto, na bibi yao. Akakaa, kisha akasema hataki tena kuwa Mwingereza, anataka kuwa kijiji.

Tatizo, kijiji hakina dadu. Wiki nzima tunabishana apewe kanuni gani: kuficha chakula porini, au kuhamia juu mlimani usiku? Jumamosi tunaingia Handeni, naye atacheza. Mwenye wazo aniandikie hapo chini.