Bwana afya, mhuri wa nyama na kosa la Robert Koch

Wadau, Kigoma haijawahi kuwa Shinyanga kwa nyama. Mbung'o waliandama maeneo mengi ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, na ng'ombe na mbung'o hawakai pamoja. Mtu wa Ujiji alijilia dagaa na migebuka yake. Ng'ombe wa Waha, wale wenye mapembe marefu, walikuwa huko juu, Kasulu na Kibondo. Kwa hiyo mlaji wa mjini mara nyingi hamjui ng'ombe wake. Inabidi amwamini mkaguzi.

Mkaguzi huyo, awe bwana afya au bwana mifugo, hachungulii tu. Anachana ini kutafuta minyoo. Anakata ulimi, moyo na misuli ya taya kutafuta mabuu ya tegu. Halafu anapasua mitoki ya mapafu. Hapo anatafuta kifua kikuu, na ndipo anapoingia Robert Koch.

Huyu ndiye Mjerumani aliyetangaza mwaka 1882 kwamba amekipata kijidudu cha kifua kikuu. Mwaka 1897 alikuja Dar es Salaam kuchunguza, pamoja na mengine, magonjwa ya ng'ombe. Mwaka 1906 alirudi tena Afrika Mashariki kwa ajili ya malale, ugonjwa huo huo wa mbung'o. Sasa sikilizeni hii: mwaka 1901, kwenye mkutano London, bingwa huyu alidai kifua kikuu cha ng'ombe si tishio la maana kwa binadamu! Waingereza wakaunda tume. Mwaka 1911 ikahitimisha kinyume chake: kinaambukiza watu, hasa watoto, kupitia maziwa. Mimi naipenda tume ile kuliko jina kubwa la Koch.

Nyama ina mhuri, maziwa hayana. Kipimo cha mkaguzi kinaweza kumuumbua mchuuzi aliyeongeza maji, ila vijidudu hakivioni. Dumu likishapanda baiskeli, kinga iliyobaki ni sufuria ya mama jikoni.

Sheria tunazo: ya maziwa ya 2004, ya nyama ya 2006, na mwaka 2019 usalama wa chakula ulihamishwa kutoka TFDA kwenda TBS. Sisi waandishi huwa tunazikumbuka wakati wa hofu, kama mwaka 2007, homa ya Bonde la Ufa ilipoua watu zaidi ya 100 nchini na nyama ikadoda mabuchani. Hofu ilipopita tukarudi kwenye siasa. Mtaani kwenu, nani anayapima maziwa?