Ibrahim Hamadtou: Msee Anayecheza Ping Pong na Mdomo

Wasee wa Nax, kama umewahi kupatana na ile klipu ya budaa asiye na mikono akicheza ping pong na mdomo, jua hiyo si editi. Jamaa anaitwa Ibrahim Hamadtou, ni Mmisri, na amecheza Paralimpiki mara mbili.

Alizaliwa Julai 1973 huko Damietta, kaskazini mwa Misri. Akiwa na miaka 10 alipata ajali ya treni, mikono yote miwili ikaenda. Sisi wa Nakuru, mji uliozaliwa na reli, hatuhitaji kuchorewa hiyo picha.

Kijijini kwao vijana walikuwa na boli na ping pong, basi. Miguu alikuwa nayo, kwa hivyo ungedhani angeshikilia boli tu. Lakini yeye mwenyewe husimulia kwamba siku moja alikuwa refa wa mabeshte wawili, wakabishana kuhusu pointi. Alipoamua, mmoja akamwambia asiingilie, kwani huo mchezo hataweza kuucheza kamwe. Ilimuuma vibaya. Ndio akaamua ni ping pong.

Kwanza alijaribu kubana raketi kwapani. Ikagoma. Akaihamisha mdomoni, akashika mpini na meno. Kuanza mchezo, anavua kiatu, anaokota mpira na vidole vya mguu, anaurusha juu, kisha anaupiga kwa kuzungusha shingo. Kisheria mpira unafaa kurushwa kutoka kiganjani, lakini refa anaruhusiwa kulegeza hiyo sheria kwa mchezaji mwenye ulemavu. Noma iko hapa: wewe mpira ukienda kando unanyoosha mkono tu. Yeye lazima asongeshe mwili mzima, na bado macho yake yako karibu kabisa na mpira unaokuja kwa spidi.

Medali ya fedha ya Afrika anayo. Mwaka wa 2014 video yake ilisambaa dunia nzima, kisha 2016 akafika Rio, umri miaka 43. Hapo alikutana na David Wetherill wa Uingereza, akachapwa.

Anacheza daraja la 6, la watu wanaocheza wakiwa wamesimama na ulemavu wao ni mzito (daraja la 1 hadi la 5 ni ya viti vya magurudumu). Lakini wapinzani wake wana mkono wa kushika raketi, na hakuna anayempea pointi za huruma. Wengi hushare ile klipu wakiweka emoji za kulia, halafu hawaulizi hata alipata pointi ngapi. Mimi naona hiyo ni kumkosea. Huyu ni mchezaji, mpe matokeo yake.

Haya basi: Tokyo, Agosti 2021, akiwa na miaka 48, alipigwa na Park Hong-kyu wa Korea Kusini seti tatu bila. Ya kwanza 11-6, ya pili 11-4. Ya tatu, ambapo wengi wangekuwa wameshakata tamaa, ilikuwa 11-9.