Kumbukumbu Inavyoyaongoza Macho

Ukiingia nyumbani kwako kutafuta ufunguo, macho hayapekui ukuta mzima kuanzia darini. Yanakwenda moja kwa moja kwenye msumari ulio kando ya mlango, pale unapoutundika kila siku. Msumari wenyewe haung'ai wala hauna rangi ya kuvutia. Kilichoyapeleka macho ni kumbukumbu ya muda mrefu.

Macho yanahitaji mwongozo huo kwa sababu eneo yanaloliona kwa ukamilifu ni dogo mno: nyuzi 2 hivi, sawa na upana wa kidole gumba ukinyoosha mkono. Hivyo huruka kama mara 3 kwa sekunde, na kila mruko sharti ubongo uamue uelekee wapi. Zamani wanasaikolojia walizungumzia zaidi mambo mawili yanayoamua: kitu kinachojitokeza chenyewe, na nia ya anayetazama. Yaliyohifadhiwa kichwani ni jambo la tatu.

Mwaka 1998 Marvin Chun na Yuhong Jiang, watafiti wa Marekani, waliwapa watu kazi ya kutafuta herufi T iliyolazwa katikati ya herufi L nyingi. Baadhi ya mipangilio ya herufi ilijirudia, mingine ilikuwa mipya kila mara. Taratibu watu wakawa wepesi zaidi kwenye ile iliyojirudia. La ajabu ni kwamba walipoulizwa, hawakuweza kuitambua. Walikuwa wamejifunza bila kujua kwamba wanajifunza.

Ndani ya ubongo, kazi hii inagusa hipokampasi, sehemu iliyofichika upande wa ndani wa sehemu ya pembeni ya ubongo, inayounganisha vitu na mahali vilipo. Anna Christina Nobre, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Oxford, na wenzake walichapisha mwaka 2006 utafiti ambao ndani yake watu walikariri mahali ufunguo mdogo ulipo katika picha za mandhari. Baadaye, picha ilipooneshwa tena, hipokampasi iliamka pamoja na mtandao wa paji na utosi unaoelekeza umakini, na ufunguo ulipotokea pale pale walipopakumbuka waliuona upesi zaidi. Tafiti zilizofuata zilionesha kwamba hata kabla kitu hakijatokea, mawimbi ya umeme wa ubongo yaitwayo alfa hupungua sehemu ya nyuma ya ubongo, upande ulio kinyume na mahali panapokumbukwa: sehemu inayoona imekwisha kujiandaa.

Je, hipokampasi peke yake inatosha kueleza yote? Sidhani. Wagonjwa walioumia eneo pana linaloizunguka hupoteza ule wepesi wa kuitafuta T. Ila mwaka 2001 Joseph Manns na Larry Squire walikuta kwamba walioumia hipokampasi pekee bado wanao. Huenda majirani zake wanabeba sehemu kubwa ya mzigo.

Na T ikihamishwa ndani ya mpangilio uliozoeleka, ule wepesi hutoweka, na kuujenga upya huchukua muda. Ndivyo ilivyo hata nyumbani: ufunguo umehamia mezani tangu juzi, lakini macho bado yanauendea msumari.